Nani Anasoma Logi za Chama Chenu?

Ndugu mwenyekiti, wajumbe wa bodi, mameneja, wahasibu, wakaguzi wa ndani, na ndugu zangu maafisa TEHAMA ambao kama kawaida yenu mmekaa nyuma karibu na mlango ili simu ikiita mtoke: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za asubuhi.

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie ufuatiliaji wa matukio ya kiusalama katika mifumo ya vyama vya akiba na mikopo, na nieleze "mfumo upi unafaa kununuliwa". Pale nje nimeona kampuni zimepanga meza: kuna vipeperushi, kalamu za bure, na luninga yenye ramani ya dunia inayopita mishale myekundu huku na huku. Inapendeza kwa kweli. Swali la kununua nitalifikia, ila nitachelewa, na huenda jibu langu lisiwafurahishe waliolipia meza. Kabla ya hapo nina swali dogo. Mifumo mliyonayo inaandika logi, hata sasa hivi tukiwa humu ukumbini. Nani anazisoma? Msinitajie idara. Nataka jina la mtu.

Kwa mjumbe ambaye jambo hili ni geni kwake: logi ni kama daftari la wageni la pale getini, ila mwandishi ni kompyuta. Daftari la getini mnalijua lilivyo. Jina: Juma. Anatoka: mjini. Shughuli: binafsi. Namba ya simu imepungua tarakimu, na muda umewekewa alama ya kama hapo juu kuanzia asubuhi hadi jioni. Kompyuta haina uvivu huo. Inaandika nani kaingia, kutoka mashine gani, saa ngapi mpaka sekunde, kagusa nini, kakubaliwa au kakataliwa. Kwa hiyo tatizo letu halipo kwenye kuandika. Yanaandikwa mengi mno, hakuna anayeyafungua, na nafasi ikijaa kompyuta inafuta ya zamani ili iandike mapya.

Twendeni Dhaka, Bangladesh, Februari 2016. Najua wengi mmewahi kusikia kisa hiki kama kisa cha wizi wa dola. Mimi nataka tukisikilize kama kisa cha logi.

Benki Kuu ya Bangladesh ilikuwa na akaunti ya dola katika Federal Reserve Bank ya New York, yaani tawi la benki kuu ya Marekani, na maagizo ya malipo yalipitia mtandao wa SWIFT ambao mabenki ya dunia nzima hutumiana ujumbe wa fedha. Usiku wa Alhamisi, tarehe 4 Februari, watumishi wakiwa wamekwisha kwenda nyumbani, maagizo 35 yalitoka Dhaka kwenda New York yakiomba jumla ya karibu dola milioni 951 zihamishwe. Yalikuwa na kila kitu kinachotakiwa. Kwa macho ya New York, aliyekuwa anaomba ni mwenye mali mwenyewe.

Angalieni siku iliyochaguliwa. Bangladesh hupumzika Ijumaa na Jumamosi. New York hupumzika Jumamosi na Jumapili. Jumatatu yake, tarehe 8, Ufilipino ilikuwa na sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina. Hesabuni wenyewe: tangu Alhamisi usiku hadi Jumanne asubuhi, kila siku kulikuwa na angalau mlango mmoja uliofungwa kati ya milango mitatu iliyotakiwa kuwasiliana. Wezi hao hawakuwa watu wa kubahatisha. Mashtaka ambayo Marekani iliyaweka wazi Septemba 2018 yaliwahusisha na serikali ya Korea Kaskazini, na yalieleza kwamba barua pepe za mtego, zilizojifanya maombi ya kazi, zilianza kuwafikia watumishi wa benki mapema mwaka 2015. Karibu mwaka mzima kabla ya usiku ule.

Aprili 2016 wachambuzi wa kampuni ya BAE Systems walichapisha uchunguzi wa programu ambayo wezi waliipandikiza. Maafisa TEHAMA, hii ni kazi ya kusomwa polepole. Programu ile ilibadilisha baiti 2 tu, yaani chembe mbili ndogo za data, za programu ya SWIFT ikiwa inafanya kazi, na kwa hizo mbili ukaguzi ambao programu hiyo hujifanyia yenyewe ukawa unajibu "sawa" hata pasipo sawa. Baada ya hapo ikapata ruhusa ya kuingia kwenye hifadhidata, ikafuta rekodi za maagizo yaliyotumwa na kurekebisha salio ili asiyejua aone hesabu imetulia. Tena ilisoma logi. Ilikuwa inachungulia rejesta ya kuingia na kutoka kwenye mfumo, na kila baada ya saa moja inapeleka taarifa kwa mabwana zake: kuna aliyeingia, kuna aliyetoka, au kimya.

Wezi walikuwa na msomaji wa logi anayetoa ripoti kila saa. Upande wa wenye mali, usiku ule, hakuna aliyegutuka.

Lakini kulikuwa na printa. Mfumo wa SWIFT pale Dhaka ulikuwa umeunganishwa na printa inayochapa kila ujumbe wenyewe, mchana na usiku, na asubuhi afisa anakuta karatasi kwenye trei. Teknolojia ya kizamani, na mimi nitaitetea mbele ya mtu yeyote. Karatasi ikishatoka, hakuna mdukuzi anayeweza kuifuta kwa mbali. Ndiyo maana wezi waliishughulikia: programu yao iliharibu faili zilizokuwa zinakwenda kuchapwa. Ijumaa asubuhi afisa wa zamu alikuta trei tupu. Maelezo aliyoyatoa baadaye polisi ni kwamba hitilafu za aina hiyo zilikuwa zimewahi kutokea, kwa hiyo ilichukuliwa kuwa ni tatizo la kawaida la siku zote. Jumamosi ndipo wakafanikiwa kuchapa, na maswali ya New York yakaanza kutoka: mmeomba malipo haya, ni kweli? Walipotafuta mtu wa kujibu, New York ilikuwa mapumziko.

Dola milioni 81 zilifika kwenye tawi la benki ya RCBC huko Makati, Ufilipino, zikapitia kwenye kasino, na sehemu kubwa ikapotelea huko. Dola milioni 20 zilizokuwa zinakwenda Sri Lanka zilirudi kwa sababu mwandishi wa agizo alikosea tahajia ya jina la taasisi ya kupokea, na benki iliyokuwa katikati ya njia ya malipo ikauliza. Zilizobaki, karibu milioni 850, zilizuiwa New York. Kilichozizuia ni anwani: lile tawi la Makati lilikuwa Mtaa wa Jupiter, na neno Jupiter lilikuwemo kwenye orodha ya vikwazo dhidi ya Iran kwa sababu nyingine kabisa. Basi. Jina la mtaa ndilo lililofanya kazi ambayo mifumo haikuifanya. Gavana wa benki alijiuzulu tarehe 15 Machi mwaka uleule.

Wapelelezi wa polisi wa Bangladesh walipoingia walikuta mashine za SWIFT hazina ukuta wa moto, yaani kizuizi cha kuchuja nani anaingia kupitia mtandao, na vifaa vya kuunganisha mtandao ni vya mitumba vya dola 10. Watu walicheka sana habari hiyo ilipotoka. Kilichowaumiza wapelelezi ni kwamba vifaa vya namna ile haviwezi kueleza nani alipita wapi, kwa hiyo kufuatilia nyayo za wezi kukawa kazi ngumu. Ukiokoa fedha kwenye kifaa kisichoandika, siku ya msiba unakuwa huna shahidi.

Nawasikia mnasema kimoyomoyo: sisi si benki kuu. Ni kweli. Mna wanachama walimu, wauguzi, wakulima wa korosho, madereva wa bodaboda. Lakini mfumo wenu una mambo matatu yaliyokuwa Dhaka: logi ziko kwenye mashine ileile inayoibiwa, kuna hitilafu "za kawaida" ambazo mmezizoea, na kuna siku ofisi zinafungwa. Sikukuu ya Idd ikiangukia Ijumaa, nani anaangalia mpaka Jumatatu?

Fungueni folda zenu, kuna karatasi moja nimechapa. Mfano nimeutunga mimi, ila namba za matukio ni zile halisi za Windows. Mstari wa kwanza ni saa 02:13:07, tukio namba 4625, mtumiaji "mhasibu2". Hiyo 4625 maana yake jaribio la kuingia limekataliwa. Mtu akikosea nywila asubuhi ya Jumatatu mnapata 4625 moja au mbili, si habari. Hapa zinafuatana sekunde chache chache, ukurasa mzima. Kisha saa 02:19 inatokea 4624: amekubaliwa. Saa 02:21, 4720: akaunti mpya imeundwa, imepewa jina "msaada", jina ambalo hakuna atakayelishangaa. Saa 02:22, 4732: akaunti hiyo imeingizwa kwenye kundi la wasimamizi wa mashine. Halafu saa 02:40, namba 1102.

Hiyo 1102 naomba muizungushie kalamu. Maana yake: logi ya usalama imefutwa. Windows ni mwaminifu kiasi hicho, ikifutwa logi yote, mstari wa kwanza unaoandikwa baada ya hapo ni kwamba kuna aliyefuta, na jina la akaunti iliyofuta. Sasa tatizo mnaliona. Kwenye mashine yenyewe, hiyo 1102 ndiyo imebaki peke yake. Mistari yote ya juu yake imekwenda. Mmeweza kuiona kwenye karatasi hii kwa sababu katika mfano wangu kulikuwa na nakala sehemu nyingine, iliyokuwa inapokea kila mstari papo hapo ulipoandikwa.

Kupeleka logi kwenye mashine nyingine si jambo jipya wala la kifahari. Eric Allman alitengeneza syslog, njia ya mashine kutumiana logi, kule Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1980, kwa ajili ya programu yake ya barua pepe, na hadi leo ruta na seva za karibu kila aina zinaijua lugha hiyo. Ruta yenu ya ofisini inaijua. Mnachohitaji ni kompyuta moja yenye diski kubwa, iliyofungiwa, inayopokea tu, isiyotumika kuangalia mpira wala kuchapa barua. Na iwe na betri ya akiba, maana umeme ukikatika ndiyo wakati mambo mengi hutokea, na sisi umeme tunaujua.

Kabla sijasahau, saa. Mashine moja imewekwa saa ya Greenwich, nyingine ya Afrika Mashariki, ya tatu betri yake imekufa na inaamini tuko mwaka 2019. Mlinzi naye anakwambia aliona taa inawaka ofisini saa nane usiku. Tukio hilohilo moja litaandikwa 23:00 hapa, 02:00 pale, na mlinzi yuko sahihi vilevile. Ukienda mahakamani na vielelezo vitatu vyenye saa tatu, wakili wa upande wa pili atafurahi sana. Mashine zote zisawazishwe saa kutoka chanzo kimoja kwa itifaki ya NTP. Ni kazi ya mchana mmoja, na haina gharama.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wajumbe wa bodi ndiyo wa kuliamua, maana afisa TEHAMA hawezi kujiamulia. Katika vyama vingi afisa TEHAMA ni mmoja. Ndiye anayefungua akaunti za watumishi, ndiye anayerekebisha mfumo, ndiye mwenye nywila kuu, na tukimwongezea logi atakuwa ndiye anayejichunguza. Simtuhumu mtu. Wengi wao naona ndio watu waaminifu kuliko wote ofisini, tena wanaolipwa kidogo. Lakini siku fedha zikipotea yeye ndiye wa kwanza kushukiwa, na hana namna ya kujitetea kwa sababu angeweza kufuta kila kitu. Nakala ya logi iwe chini ya mkaguzi wa ndani, na msimamizi wa mfumo asiwe na uwezo wa kuifuta. Hiyo ni kinga ya chama, na ni kinga yake yeye zaidi.

Zitunzwe muda gani? Taasisi zinazohudumia malipo ya kadi za benki zinabanwa na kiwango cha PCI DSS: angalau miezi 12, na za miezi 3 ya karibuni ziwe mkononi zinasomeka mara moja. Dhaka walikaa na wageni karibu mwaka. Kwa hiyo miezi 12 naiona ndiyo chini kabisa. Kompyuta nyingi za Windows zinakuja zikiwa zimetengewa MB 20 tu kwa logi ya usalama, ambazo mashine yenye shughuli inazijaza upesi sana. Maafisa, hiyo ibadilisheni leoleo.

Hadi hapa nimezungumzia mashine. Wizi wa vyama vyetu, hata hivyo, kwa maoni yangu hautaonekana kwanza kwenye logi za Windows wala za ruta. Utaonekana kwenye logi za mfumo wenyewe wa akiba na mikopo, ule ambao makarani wanaufungua asubuhi. Na hizo ndizo ambazo hakuna kampuni pale nje itakayowasomea, kwa sababu hazijui ofisi yenu.

Chukueni rejesta ya likizo kutoka utumishi. Iwekeni kando ya logi ya kuingia kwenye mfumo. Karani yuko likizo ya uzazi Tanga, na akaunti yake imeingia Jumanne saa 5 asubuhi kutoka kaunta namba 2. Hakuna mtambo uliohitajika hapo, ni karatasi mbili na macho. Mara nyingi mtaambiwa kwamba mwenzake "alimwazima nywila ili kazi isisimame". Sawa, pengine ni kweli. Lakini mmekwisha kujua kwamba logi zenu zinadanganya, kwa sababu jina lililoandikwa si la aliyekuwa kitini. Ofisi yenye makarani watatu wanaotumia akaunti moja inayoitwa "kaunta1" haina logi. Ina kelele. Kabla ya kufuatilia chochote, kila mtu awe na akaunti yake.

Tazameni pia mabadiliko ya namba za simu za wanachama. Mwanachama akibadilishiwa namba leo, na ndani ya siku mbili fedha zikatoka kwenda kwenye simu, mtu ampigie kwa namba ya zamani. Ndiyo, ya zamani. Ipo kwenye fomu yake ya kujiunga. Tazameni akaunti zilizolala, za mwanachama aliyehamia mbali au aliyefariki na warithi hawajaja: akaunti ya miaka minne bila muamala ikiamka ghafla na kukopa, hiyo ni simu ya kupigwa asubuhi ileile. Tazameni mkopo ambao aliyeuingiza na aliyeuidhinisha ni akaunti moja. Mfumo mzuri unakataa kufanya hivyo, lakini mifumo ina mipangilio, na mipangilio ina mtu aliyeiweka, na siku aliyoiweka imeandikwa kwenye logi. Tazameni miamala inayofutwa na kurudishwa baada ya saa za kazi. Mhasibu mwenye uzoefu anaweza kuniongezea kumi nyingine hapa, na naomba wakati wa maswali aniongezee, maana yeye ndiye anayejua fedha zenu zinavyotembea siku ya mshahara na zinavyotembea siku ya kawaida. Kujua kawaida ndiyo kazi nzima ya ufuatiliaji.

Kuna mfano wa watu waliojua kawaida yao. Juni 2023, wachambuzi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani waligundua kwamba barua pepe za wizara zilikuwa zinasomwa kwa namna isiyoeleweka. Wadukuzi wanaohusishwa na China walikuwa wamepata ufunguo wa Microsoft wa kutia saini hati za kuingilia, wakawa wanajitengenezea hati bandia na kupita mlango wa mbele. Waliogundua ni wateja, kabla ya Microsoft yenyewe, kwa sababu wizara ilikuwa imejiandikia kanuni yake ya tahadhari kulingana na jinsi barua zake zinavyosomwa kwa kawaida. Na kwa sababu ilikuwa inalipia leseni ya bei ya juu. Logi hiyo ya nani kafungua barua gani haikuwemo kwenye leseni za chini. Waliolipa kidogo wasingeweza kuona hata wangekesha. Baada ya lawama kubwa Microsoft ililegeza, ikafungulia wateja wengi zaidi logi hizo na kuongeza muda wa kuzitunza kutoka siku 90 hadi 180. Nawaambia hili kwa kuwa vyama vingi humu barua pepe zenu ziko kwenye huduma za wingu, na hamjawahi kuuliza leseni yenu inaandika nini na kwa siku ngapi. Ulizeni.

Upande wa pili wa mfano huo ni Target, kampuni ya maduka ya Marekani. Novemba 2013 walikuwa na mtambo mpya na wa gharama, ukapiga tahadhari, timu yao ya Bangalore, India, ikaiona na kuipeleka makao makuu Minneapolis. Hapo ikaishia. Taarifa za kadi milioni 40 zikaondoka wakati wa manunuzi ya Krismasi. Mtambo ulifanya kazi yake, na walioutazama walifanya yao. Kilichokosekana ni mtu ambaye tahadhari ikimfikia, hatua ni jukumu lake kwa jina lake.

Kidogo kuhusu sheria na faragha, sitakaa sana. Logi zina taarifa za watu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na wenzetu wa Kenya kwa sheria yao ya 2019 wanatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu wajue taarifa za watu zimevuja. Saa 72 bila logi zinatosha kuitisha kikao cha dharura, na kikao hakitakuwa na la kusema. Halafu hakikisheni mifumo yenu haiandiki nywila wala namba za siri ndani ya logi. Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji wake wote, zaidi ya milioni 330, wabadilishe nywila kwa sababu zilikuwa zimeandikwa wazi kwenye logi ya ndani. Na ninyi mameneja, logi hizi si za kumtafuta nani alichelewa kurudi kutoka chai. Siku mtakapoanza hivyo, watumishi watatafuta njia za kuzikwepa, na mtapoteza yote mawili.

Haya, kununua. Mifumo inayokusanya logi kutoka kila mahali, ikazilinganisha na kutoa tahadhari, inaitwa SIEM. Ipo ya mabilioni, na ipo ya bure ya msimbo huria kama Wazuh. Nyingi za wingu zinatoza kwa wingi wa data mnayotuma, kwa hiyo mteja asiyejua anachotuma hulipia kelele. Ushauri wangu kwa chama chenye watumishi chini ya ishirini: mwaka huu msinunue. Chukueni sehemu ya fedha hizo, mpeni mtu mmoja saa moja ya kila asubuhi ya kazi, iandikwe kwenye majukumu yake, asipewe kitu kingine saa hiyo, na apewe mtu wa kushika zamu akiugua. Asome logi za mfumo wa mikopo kwanza, za Windows baadaye. Kila siku aandike alichokiona, hata kama ni mstari mmoja wa "hakuna jipya", na mkaguzi asaini kila Ijumaa. Na ikitokea siku logi za mashine fulani hazikufika, hilo ni tukio la kufuatiliwa siku hiyohiyo kama fedha zingekuwa zimepungua. Mkifika mwakani, mtu huyo atawaambia mwenyewe ni mtambo gani unaomfaa, na hatadanganywa na ramani yenye mishale. Vyama vikubwa vyenye matawi mengi, nyinyi mna hoja ya kununua mapema zaidi, lakini mtu yuleyule mnamhitaji.

Limebaki la mamlaka, na hili bodi mlipitishe kwa maandishi. Msomaji akiona ile karatasi yangu inatokea kweli, saa 02:22 usiku, anaruhusiwa kuchomoa waya wa mtandao wa seva bila kumwamsha meneja? Wanachama watashindwa kutoa fedha kwenye simu hadi asubuhi, watalalamika redioni, na pengine itakuwa ni fundi tu aliyekuwa anafanya matengenezo bila kuaga. Je, kazi yake itakuwa salama kesho yake? Kama jibu ni hapana, hatachomoa. Atasubiri asubuhi. Andikeni kwamba anaruhusiwa, andikeni namba mbili za simu za kupigiwa, na andikeni kwamba akikosea kwa nia njema chama kinambeba.

Mchana tutakaa kwa makundi. Maafisa TEHAMA ambao mna njia salama ya kuzifikia seva zenu, njooni na kompyuta, tutaanza kwa kutafuta tukio 1102 la miezi iliyopita, na kuangalia logi zenu zinaanzia tarehe ngapi. Mtakaokuta zinaanzia juzi, msione aibu, tutapanga diski papo hapo. Wakaguzi kaeni nao meza moja. Mwenyekiti, nakushukuru kwa muda, naomba nipokee maswali, nianze na mama mhasibu pale mbele ambaye amenyoosha mkono tangu nilipotaja miamala inayorudishwa.